Taka za Mji wa Kale na Safari ya Pesa za Kuzizoa

Lori la taka haliingii Mji wa Kale wa Mombasa. Vichochoro vya Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, na hata tuktuk kuna mahali hulazimika kurudi nyuma. Kwa hivyo taka za hapa huanza safari yake mikononi mwa hamali. Alfajiri, jua halijachoma, hamali hupita mlango kwa mlango na mkokoteni wake wa mbao uliokalia magurudumu mawili ya gari kuukuu. Hupokea ndoo na mifuko: maganda ya muhogo na ya ndizi, vifuu na makumbi, vichwa vya samaki, majani ya chai, nepi za watoto, chupa za maji, karatasi zilizofungiwa viazi karai jana usiku. Mwenye nyumba humlipa kutoka mfukoni mwake. Mkokoteni ukijaa, huusukuma hadi barabara pana iliyo karibu, akamwaga kwenye kontena la chuma au mahali ambapo watu wamezoea kupafanya jaa, akarudi kuchukua mzigo mwingine.

Kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo taka ni za serikali ya kaunti. Zinapaswa kupakiwa kwenye lori, zivuke daraja la Nyali, zipelekwe Mwakirunge huko Kisauni, nje kabisa ya kisiwa.

Baina ya mkokoteni na lori ndipo mambo yanapoharibika. Lori likikosa kuja siku moja hakuna anayeshtuka. Likikosa siku tatu, kunguru na paka wamekwisha kupasua mifuko, maji meusi yanachuruzika kuelekea mtaroni, na mvua ya masika ikipiga, mtaro unasomba kila kitu. Mji wa Kale umekaa juu ya jabali la matumbawe, bahari iko hatua chache upande wa mashariki, na mtaro hauna pengine pa kwenda. Siku za bamvua maji hupanda hadi kwenye mawe ya chini ya Ngome ya Yesu. Yanapokupwa huacha pale kile ambacho lori halikuchukua: chupa, vifuniko, ndara za mguu mmoja, vipande vya magunia ya nailoni.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kila taka zinapozungumzwa katika mikutano ya viongozi, mgeni anayekuja kuitazama ngome ndiye hutajwa kwanza, kwamba ataona uchafu na hatarudi. Mimi nawafikiria kwanza watoto wanaojirusha majini karibu na bandari ya zamani kila jioni, na wavuvi wanaotia nyavu mlangoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Mgeni ataondoka. Hao wanabaki na maji hayo.

Tumezoea kusema kwamba tatizo ni tabia, kwamba watu wa Mombasa hawana ustaarabu wa kutupa taka. Kuna ukweli ndani yake, maana wapo wanaofungua dirisha usiku na kurusha mfuko. Lakini mtu aliyempa hamali taka zake asubuhi na kumlipa ametimiza wajibu wake, na bado taka hizo hizo anazikuta kesho yake zimetapakaa barabarani. Huyo hana tabia ya kurekebishwa. Anahitaji lori, nalo huendeshwa kwa mafuta, dereva na matairi, vitu vinavyonunuliwa kwa pesa za umma. Kwa hiyo swali langu ni la pesa: zinatoka wapi, zinapita kwa nani, na nani anazikagua zikiwa bado na faida kukaguliwa?

Sheria haina utata kuhusu mwenye kazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la kuzoa taka, kusimamia majaa na kuondoa taka ngumu. Serikali ya kitaifa imebaki na sera na ulinzi wa mazingira kwa jumla, kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoundwa kwa sheria ya 1999. Na Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, haki ambayo mwananchi anaweza kuidai mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika.

Kabla ya ugatuzi mambo yalikuwa tofauti. Baraza la Manispaa ya Mombasa lilikuwa chini ya Waziri wa Serikali za Mitaa aliyekaa Nairobi, na tangu 1999 lilipata sehemu ya mfuko maalumu uliotengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima kwa ajili ya mabaraza yote. Machi 2013 baraza likafa. Serikali mpya ya kaunti, Gavana Hassan Joho akiwa wa kwanza, ilirithi wafanyakazi wake, magari yake machakavu, madeni yake, na jaa la Kibarani.

Kibarani inastahili kukumbukwa vizuri, maana vijana wanaopita hapo leo na kuona miti wanaweza kudhani palikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi abiria aliyetoka Nairobi kwa basi alijua amefika Mombasa kwa harufu ya Kibarani kabla hajaiona bahari. Jaa lilikuwa ukingoni mwa maji, kando ya barabara kuu inayoingia kisiwani, karibu na Makupa. Taka zilimwagwa, zikachomwa, zikamomonyokea baharini. Palikuwa na familia zilizoishi kwa kuokota chuma na plastiki mle ndani ya moshi, pamoja na ng'ombe, mbwa na korongo. Mwaka 2018, baada ya malalamiko ya muda mrefu, jaa lilifungwa. Pakafukiwa udongo, pakapandwa nyasi na miti. Miaka minne baadaye, mwaka 2022, tuta la Makupa lililokuwa limeziba maji tangu 1929 nalo likapisha daraja jipya ili bahari ipite tena kuzunguka kisiwa. Hayo yote ni mambo mema, na nayasifu bila kusita.

Lakini kufunga jaa hakupunguzi taka hata kilo moja. Zilizokuwa zikienda Kibarani, mwendo wa dakika chache kutoka soko la Marikiti, sasa zinaenda Mwakirunge, kwa barabara yenye msongamano wa magari wa Nyali na Kisauni. Lori lililoweza kwenda na kurudi mara nyingi kwa siku sasa linakwenda mara chache, kwa mafuta mengi zaidi. Yeyote aliyewahi kusimamia magari ya kubeba mchanga atakwambia maana yake: ama uongeze malori na mafuta, ama ukubali kwamba mzigo mwingine utalala njiani. Gharama ya kuihifadhi Kibarani ilihamia kwenye mafuta ya malori, na mafuta hununuliwa kila siku ya Mungu, siku ya sherehe na siku isiyo na kamera.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mgao. Kaunti hupokea pesa kutoka hazina ya taifa kwa fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Seneti. Fomula ya tatu, iliyopatikana Septemba 2020 baada ya wiki nyingi za mvutano na vikao kadhaa vya Seneti kuvunjika bila uamuzi, iligawa alama hivi: mgao wa msingi asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, barabara 8, ukubwa wa ardhi 8. Huduma za mijini zikapewa 5. Hiyo ni alama ndogo kuliko zote. Kaunti ya Mombasa ni mji mtupu, tangu Likoni hadi mkono wa bahari wa Mtwapa. Haina mashamba makubwa ya kuipatia alama za kilimo, wala ardhi pana ya kuipatia alama za ukubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika eneo dogo kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya. Watu hao wote huzalisha taka, na hakuna aliye na shamba nyuma ya nyumba la kuchimbia shimo.

Katika mwaka wa fedha 2021/2022, kati ya shilingi bilioni 370 za kaunti zote 47, Mombasa ilipata zaidi kidogo ya bilioni 7.5. Pesa hizo hazina masharti. Gavana na bunge la kaunti ndio huamua ngapi ziende hospitalini, ngapi kwa mishahara, ngapi kwa taka. Mimi naunga mkono uhuru huo, maana ndio uhai wa ugatuzi. Ila matokeo yake ni kwamba taka hupambana na mishahara, na mishahara haikosi kushinda. Mfanyakazi asiyelipwa hugoma. Rundo la taka pale Mwembe Kuku haligomi, linakua tu.

Kuna pia ruzuku za masharti, ambazo huja zikiwa na jina la kazi zinayopaswa kufanya. Mpango mkubwa wa aina hiyo kwa miji ya Kenya ulikuwa ule wa kuimarisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 300, ukaanza kutekelezwa 2018. Ulijenga barabara za mitaa, mitaro, masoko na huduma za taka katika miji 59 ya kaunti 45. Kaunti mbili zilizoachwa nje ni Nairobi na Mombasa, ambazo kila moja ni kaunti ya jiji. Huenda waliopanga waliona majiji hayo yana uwezo wa kujitafutia. Sikubaliani nao. Mji wa pili kwa ukubwa nchini, wenye bandari inayolisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, unabeba uchafu wa shughuli ambazo mapato yake makubwa hayaingii kwake. Ushuru wa forodha huenda hazina ya taifa. Malori ya mizigo yanabaki Changamwe na Jomvu na chupa zake.

Kweli, Mombasa ina mapato yake ya ndani, na ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya zaidi: vibali vya biashara, maegesho, ada za masoko, kodi za ardhi. Lakini kodi ya ardhi kwetu ina historia ngumu. Maelfu ya nyumba za Majengo, Kisauni na kwingineko ni nyumba bila ardhi, mwenye nyumba mmoja na mwenye kiwanja mwingine, na bili ya kodi hupotea baina ya hao wawili. Sehemu ya Mji wa Kale ni mali ya wakfu. Na viwanja vya serikali ya kitaifa havitozwi kodi kama vya mwananchi. Serikali inapaswa kutoa mchango badala yake, na kaunti zimelalamika kwa miaka mingi kwamba mchango huo haufiki. Halafu kuna madeni. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimekuwa zikiitaja Mombasa miongoni mwa kaunti zenye madeni makubwa ya wakandarasi. Mtu anayekodisha malori yake kwa kaunti, akakaa miezi bila malipo, mwisho huyapeleka kubeba kokoto.

Basi nani anaangalia? Ukiorodhesha wasimamizi utadhani pesa za taka haziwezi kupotea. Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha kila pesa inayotoka na kuchapisha ripoti za matumizi. Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu, naye ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti yake. Kamati ya Seneti ya hesabu za kaunti humwita gavana kujibu. Bunge la kaunti, wawakilishi wadi 30 waliochaguliwa pamoja na walioteuliwa, lina kamati zake. NEMA hutoa leseni kwa magari ya taka na maeneo ya kumwagia, na inaweza kuishtaki hata kaunti.

Nimesoma ripoti za aina hiyo kwa muda, na kila nikimaliza moja hubaki na kiu ile ile. Zinakueleza idara ya mazingira ilitengewa kiasi gani na ikatumia kiasi gani. Hazikuelezi lori lilifika Kibokoni mara ngapi mwezi wa Mei. Ukaguzi wa mwaka mmoja unapofika mezani kwa maseneta, mwaka mwingine umekwisha na wa tatu umeanza. Taka zilizokuwa hoja zilishaoza au zilishafika Bahari Hindi. Usimamizi wetu umepangwa kumkamata mwizi wa pesa, jambo la maana sana, lakini haukupangwa kujua kama barabara imezolewa. Kaunti inaweza kupata hesabu safi kabisa na mji ukawa mchafu, maana karatasi za mafuta ziko sawa na saini zote zipo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, iliyotiwa saini Julai 2022, ilitaka kubadili hali hii. Inazitaka kaunti ziingize taka katika mipango na bajeti zao, zijenge vituo vya kutenganisha na kurejesha vitu vinavyofaa tena, na inatutaka sisi tutenganishe taka zinazooza na zisizooza kuanzia nyumbani. Kanuni za 2024 zikaongeza jukumu la watengenezaji na waagizaji: anayeuza soda kwenye chupa ya plastiki achangie gharama za kuirudisha chupa hiyo. Ni sheria nzuri. Tunajua pia kwamba taifa likiamua linaweza, kwa kuwa tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 28 Agosti 2017 mikoko yetu haijavaa tena ile mifuko myepesi ya buluu.

Lakini itazame sheria hiyo ukiwa umesimama Mlango wa Papa. Mama aliyetenganisha vizuri, maganda huku na chupa kule, humpa nani? Hamali ana mkokoteni mmoja. Kontena ni moja. Lori ni moja. Kila alichotenganisha kinachanganywa kabla ya saa mbili asubuhi. Na hamali mwenyewe, ambaye bila yeye mfumo mzima wa Mji wa Kale unasimama, hana nafasi katika bajeti yoyote. Hana glavu za kaunti, hana kadi ya kazi. Kutoa chupa pembeni na kumuuzia mnunuzi wa plastiki kwa kilo ndio urejelezaji pekee unaofanyika katika mitaa hii, na anaufanya kwa mkono mtupu.

Sisemi haya kwa kutafuta wa kumtwika lawama. Gavana Abdulswamad Nassir alirithi mzigo 2022 kama mtangulizi wake alivyourithi 2013, na atakayekuja ataurithi. Ninachohofia ni mazoea ya kila ngazi kungoja ngazi nyingine. Tumeona yalikowafikisha majirani zetu. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufunika nyumba za watu waliokuwa wamelala. Waliokufa hawakupungua 30. Kwamba Kiteezi imejaa kupita kiasi si jambo lililogunduliwa asubuhi ile. Lilikuwa limesemwa kwa miaka, na mazungumzo ya ardhi mpya na pesa za kulihamisha yakawa yanakwenda na kurudi kati ya jiji na serikali kuu. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwafuta kazi wakuu wa mamlaka ya jiji. Wafu walikuwa wamekwisha zikwa.

Mwakirunge nayo ina majirani. Wana watoto na visima. Hawakualikwa kuwa wenyeji wa taka za kisiwa kizima, na hesabu yoyote ya usafi wa Mji wa Kale isiyowataja ina kasoro.

Linalowezekana kufanyika halihitaji katiba mpya. Kaunti inaweza kuzipa pesa za kuzoa taka fungu lake lenye jina, lisiloguswa kulipia jambo jingine, na kila mwezi kubandika katika ofisi ya wadi, msikitini, sokoni na mtandaoni: safari ngapi za lori, mitaa ipi, tani ngapi zilizopimwa Mwakirunge. Mdhibiti wa Bajeti akidai takwimu hizo kabla ya kuidhinisha pesa za robo inayofuata, usimamizi utakuwa umefika mtaani. Seneti inaweza kuupa mji uzito wake kila fomula inaporudi mezani. Makavazi ya Kitaifa yanayoitunza ngome, Halmashauri ya Bandari inayotumia maji yale yale na kaunti inayozoa mitaa zinaweza kuchangia fungu moja la pwani ya Mji wa Kale, kwa sababu chupa ikishaingia majini haiulizi ni eneo la nani. Na hamali waandikishwe, wapewe mikokoteni yenye sehemu mbili na malipo kwa kila mzigo wanaoufikisha umetenganishwa. Hilo lingegharimu kidogo kuliko kununua lori ambalo haliwezi kupita Kuze.

Mengine yanatutaka sisi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya 30 Juni. Katika kila hatua mwananchi ana haki ya kusikizwa. Vikao vya maoni hutangazwa, na mara nyingi viti vinabaki vitupu au hujazwa na watu walewale. Ewe mkazi wa Mji wa Kale, Makadara, Majengo na Tudor, tangazo la kikao kijacho likitoka, nenda na jirani zako, kaa kiti cha mbele, na umwombe mwakilishi wako akuonyeshe katika kitabu cha bajeti ni ukurasa gani unaolipia lori la mtaa wako. Kama ukurasa huo haupo, dai uandikwe kabla hajapiga kura.